Kifo, Injili na Tumaini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoshuhudia, wanaouguza wagonjwa, na wengine wanaojua kwamba siku zao zimebaki chache. Nimeyajibu kama Mkristo anayeamini kwamba Yesu alikufa kweli na akafufuka kweli. Pale ambapo makanisa yanatofautiana, nimesema hivyo.

Kwa nini wahubiri hutaja kifo kila mara? Si kutisha watu huko?

Wapo wanaotisha, na wanakosea. Mtu akisukumwa na hofu tupu hadi kuomba sala ya toba, mara nyingi imani yake hupoa hofu inapopoa, kwa sababu alitafuta kutulizwa na Kristo mwenyewe bado hajamjua.

Lakini kunyamaza nako si upendo. Waebrania 9:27 inasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Anayeamini maneno hayo na asimwambie jirani yake hata siku moja, anamficha jambo kubwa kuliko yote. Richard Baxter, mchungaji Mwingereza wa karne ya 17 aliyesumbuliwa na maradhi karibu maisha yake yote, alisema alihubiri kama mtu anayekufa akisema na watu wanaokufa. Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Mwinjilisti naye ana siku yake ya kuzikwa. Akiikumbuka, sauti yake hushuka yenyewe, kiburi humtoka, na msikilizaji hutambua kwamba hahukumiwi na mtu aliye salama upande wa pili. Anazungumza na binadamu mwenzake aliyepata habari njema.

Kifo si jambo la kawaida tu? Kila chenye uhai hufa.

Ni cha kawaida kwa maana ya kwamba kinampata kila mtu. Kwa Biblia si cha kawaida kwa maana ya kwamba ndivyo tulivyokusudiwa kuwa. Mwanzo 3:19 inakiweka kifo baada ya anguko la mwanadamu, na Paulo anakiita adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26).

Tazama Yohana 11. Lazaro ana siku nne kaburini. Yesu anajua kwamba muda si mrefu atamwita atoke, na tayari amemwambia Martha, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Hata hivyo anapomwona Mariamu akilia na watu waliofuatana naye wakilia, anaugua rohoni, anafadhaika, kisha analia machozi. Hakuwaambia dada wale wajikaze, wala hakusema kwamba Lazaro alikwisha kumaliza safari yake tu. Aliye na mamlaka juu ya kaburi alisimama mbele yake akalia.

Kwa hiyo mnapomzuia mfiwa asilie eti kwa kuwa Mkristo ana tumaini, mnamtaka awe imara kuliko Bwana wake. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Hakuwakataza kuhuzunika.

Kuna nini baada ya kufa?

Wakristo wote wa mapokeo ya kale wanakiri ufufuo wa wafu na hukumu ya Kristo. Kanuni ya imani ya mwaka 381, inayotumiwa na Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wengi hadi leo, inaishia hapo: kuungojea ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu ujao.

Tofauti zipo juu ya kipindi cha kati, tangu mtu anapokata roho hadi ufufuo. Wengi huamini kwamba roho ya mwamini iko na Kristo, wakitegemea Wafilipi 1:23 na 2 Wakorintho 5:8. Wasabato hufundisha kwamba wafu wamelala bila fahamu hadi Bwana atakaporudi. Wakatoliki hufundisha toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni, na huwaombea marehemu. Waorthodoksi nao huwaombea, ila hawalifundishi fundisho la toharani kama Wakatoliki. Waprotestanti wengi hawawaombei wafu kabisa.

Ushauri wangu kwa anayeshuhudia: usifungue mabishano haya mbele ya mgonjwa. Anahitaji kumjua atakayekutana naye. Ratiba ya mambo ya baadaye ingoje.

Je, mtu anaweza kuokoka dakika za mwisho?

Ndiyo. Luka 23 inatuonyesha mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakuwa na muda wa kubatizwa, hakuwa na sadaka ya kutoa, na mikono yake ilikuwa imefungwa kwenye mti hivyo hakuweza hata kurudisha alichoiba. Alichofanya ni kukiri kwamba anastahili adhabu yake, akamtetea Yesu dhidi ya matusi ya mwenzake, kisha akasema, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Akajibiwa, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Ninapokaa kando ya kitanda cha mtu aliyeishi miaka mingi mbali na Mungu, naisoma habari hiyo polepole, tena mara mbili ikibidi. Mara nyingi kinachomzuia mtu wa namna hiyo ni aibu. Anaona ni ukosefu wa adabu kumkumbuka Mungu leo baada ya kumsahau alipokuwa na nguvu. Mhalifu yule humwondolea kisingizio hicho, kwa kuwa hakuleta chochote ila ombi.

Mathayo 20 nayo yasomwe, wale vibarua walioajiriwa saa ya kumi na moja wakalipwa sawa na walioanza alfajiri. Waliomnung'unikia mwenye shamba walikuwa wale wa alfajiri. Kanisani bado tupo wa namna hiyo, tunaoona kwamba wokovu wa kitandani ni rahisi mno.

Basi si ningoje mpaka nikaribie kufa?

Wapo waliojaribu. Katika karne ya 4 ilikuwa desturi ya wengi kuahirisha ubatizo hadi kufani ili dhambi zote zioshwe kwa mara moja. Kaisari Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa mgonjwa wa kufa. Wahubiri wa karne hiyo, miongoni mwao Basili wa Kaisaria na Gregori wa Nazianzi, waliikemea desturi hiyo waziwazi.

Sababu ya kwanza ya kuikemea iko wazi: hujui siku. Tajiri wa Luka 12 alikuwa akipanga maghala mapya aliposikia, "Mpumbavu wewe, usiku huu wa leo wanataka roho yako!" Na waliouguza watajua sababu ya pili, inayosemwa mara chache. Kufa ni kazi nzito. Maumivu, dawa kali, usingizi usioeleweka na pumzi fupi huchukua nguvu zote, na mtu aliyesema atamtafuta Mungu siku hiyo hukuta kwamba hawezi kuishika sentensi moja hadi mwisho. Mhalifu wa msalabani yupo ili asiwepo wa kukata tamaa. Ukimtumia kuahirisha, unamtumia kinyume cha kusudi lake.

Tena unayeahirisha unafikiri wokovu ni pasi ya kupitia mlangoni tu. Miaka ya kutembea na Kristo ungali na afya ndiyo unayoipoteza.

Nimwambieje mgonjwa aliye mahututi?

Anza kwa kukaa chini. Mtu anayesimama miguuni pa kitanda huku ameshika Biblia anaonekana kama aliyekuja kutoa hukumu. Vuta kiti, uso wako uwe usawa na wake, na umuulize kama angependa mzungumze au mkae kimya. Akisema kimya, kaa kimya. Midomo ya mtu aliye karibu kufa hukauka na kupasuka. Ukiruhusiwa na wanaomuuguza, ilainishe kwa pamba yenye maji. Nimeona mtu aliyekataa kila neno la dini akifungua mazungumzo mwenyewe baada ya jambo dogo kama hilo.

Kisha uliza, usihutubie. "Ni jambo gani linakusumbua zaidi?" Jibu huwa si lile ulilolitarajia. Mmoja anaogopa maumivu. Mwingine anawaza nani atawalea watoto. Mwingine ana ndugu hawajasemezana tangu zamani, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi kuliko mauti yenyewe. Injili inaingilia pale alipo. Mwenye hatia asikie msamaha, mpweke asikie Zaburi 23:4, "Wewe upo pamoja nami," na mwenye uchungu wa watoto asaidiwe kwanza kupanga mambo yao.

Maneno yawe machache: Mungu anakupenda. Tumemkosea sote. Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka, na yeyote amwitaye hamkatai. Ungependa tumwite pamoja? Akikubali, omba kwa sentensi fupi anazoweza kuzifuata, au mwambie abonyeze mkono wako mahali pa kusema amina. Akikataa, mshukuru kwa kukusikiliza, mwulize kama unaweza kurudi, na ukirudi usirudie hotuba ile ile.

Mambo mengine ni ya kuepuka kabisa: kumsimamia mtu aliyelewa dawa aseme maneno asiyoyaelewa, kupiga picha, kutangaza "ushuhuda" wake kabla ya familia kuridhia, na kumwomba sadaka. Kuomba fedha kwa mtu anayekufa ni dhuluma, hata ikiitwa "mbegu" ya kuvuna baraka.

Mgonjwa hawezi tena kusema. Je, nimechelewa?

Usikate tamaa. Wahudumu wa huduma shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi, huwashauri ndugu waendelee kuzungumza na mgonjwa hata anapoonekana hana fahamu, kwani huenda bado anasikia. Msomee, mwimbie wimbo anaoujua, mwambie kwamba Yesu yupo karibu na kwamba anaweza kumwita moyoni. Kisha mwachie Mungu, anayeusikia moyo usio na sauti.

Ndugu hawataki mgonjwa aambiwe kwamba anakufa. Nifanye nini?

Kutoa taarifa za ugonjwa si kazi yako, ni ya daktari na ya mgonjwa mwenyewe. Usivunje siri hiyo. Lakini usiseme uongo pia. Mgonjwa akikuuliza, "Nitapona?" unaweza kumjibu, "Sijui. Wewe unaonaje mwilini mwako?" Wagonjwa wengi wanajua. Wanachokosa ni mtu mmoja asiyeogopa kuzungumza nao, maana kila anayeingia chumbani huja na uso wa bandia.

Cicely Saunders, Mkristo aliyekuwa muuguzi kisha akawa daktari, alifungua mjini London mwaka 1967 kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, na kazi hiyo ilibadilisha huduma shufaa katika nchi nyingi. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Kituo chake kiliwapokea watu wa imani zote na wasio na imani. Mwinjilisti angejifunza mengi hapo: dawa ya maumivu na neno la Mungu havishindani. Mgonjwa akiwa anaugua kwa maumivu, mwite muuguzi kwanza, halafu usome Biblia.

Tunamwombea apone. Tukimwandaa kwa kifo, si kukosa imani?

Swali hili linawatesa watu wengi, na mafundisho mabaya yameongeza mateso hayo.

Tuombe uponyaji, kwa bidii. Mfalme Hezekia aliambiwa na nabii Isaya, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Akalia, akaomba, akaongezewa miaka 15 (Isaya 38). Lakini miaka hiyo ilikwisha, naye akafa. Lazaro alitolewa kaburini, na baadaye akazikwa tena. Kila uponyaji wa mwili huu ni nyongeza ya siku. Hakuna hata mmoja uliomwondolea mtu kifo.

Mahali ambapo kukitaja kifo kunahesabiwa kuwa kutokuamini, mgonjwa hulazimika kukiri uponyaji hadi pumzi ya mwisho. Haagi watoto wake, haandiki wosia, haombi msamaha, kwa kuwa yote hayo yangeonekana kama kukubali kushindwa. Akifa, wanaobaki huambiwa kwamba imani ilipungua mahali fulani. Huo ni ukatili unaovaa vazi la imani. Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, akaongeza, "walakini si kama nitakavyo mimi." Maombi ya Gethsemane hayakuwa na upungufu wa imani.

Ombeni apone, na kaeni naye kama watu wanaojua kwamba huenda asipone. Mambo haya mawili yanaingia katika sala moja.

Mkristo akiogopa kifo, ametenda dhambi?

Hapana. Polikapi, askofu wa Smirna wa karne ya 2, alipotakiwa kumlaani Kristo, alijibu kwamba amemtumikia miaka 86 na Kristo hajamtendea neno baya, akauawa bila kutetereka. Tunamheshimu. Lakini Bwana wa Polikapi katika bustani alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na Waebrania 5:7 inataja kulia sana na machozi. Waebrania 2:15 inasema alikuja kuwaweka huru wale ambao kwa hofu ya mauti walikuwa utumwani, na kuwekwa huru huko kwa wengi wetu ni safari ndefu.

Mimi mwenyewe naogopa kufa kwa maumivu, na naogopa kuwaacha wangu. Kumkuta Kristo siogopi.

Nazungumza na rafiki asiyeamini. Anasema kifo kikija yeye hatakuwapo, kwa nini ajali?

Hoja hiyo ni ya zamani. Mwanafalsafa Epikuro, aliyezaliwa mwaka 341 KK, aliitoa: tukiwapo sisi kifo hakipo, na kikiwapo kifo sisi hatupo. Isikilize kwa heshima. Kisha mwulize kuhusu kifo cha mtu anayempenda. Hoja ya Epikuro haina la kumwambia mama aliyemzika mwanawe, kwa kuwa yeye bado yupo, na kifo kipo nyumbani mwake.

Halafu mpeleke kwenye ufufuo wa Yesu. Katika 1 Wakorintho 15, barua iliyoandikwa katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, Paulo anataja majina ya waliomwona Yesu amefufuka, na ndugu zaidi ya mia tano, wengi wao wakiwa bado hai wakati huo. Anakubali pia kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yote ni bure. Rafiki yako anaweza kuukataa ushahidi huo, ila ajue kwamba Ukristo umeegemea hapo, haujaegemea faraja tu.

Fanya hivyo "kwa upole na kwa hofu," kama isemavyo 1 Petro 3:15. Ni hivyo hivyo kwa mtu wa dini nyingine. Usidharau alichofundishwa na wazazi wake.

Nimshinikize aamue papo hapo?

Mwinjilisti Mmarekani Dwight Moody alisimulia kwamba Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 1871 aliwaambia wasikilizaji wake mjini Chicago waende na swali la Kristo nyumbani, wampe jibu juma lijalo. Usiku huo moto mkubwa ukaanza kuuteketeza mji, na hakuwahi kukutana tena na mkutano ule. Tangu hapo aliona vibaya kuwaachia watu juma zima.

Nachukua kwake uharaka wa kualika. Mwambie mtu wazi kwamba leo anaweza kuja. Lakini yule tajiri wa Marko 10 alipoondoka kwa huzuni, Yesu, aliyempenda, hakumkimbilia kumvuta nguo. Alika leo, na uruhusu mtu aondoke.

Mpendwa wangu amekufa bila kumpokea Kristo. Nibaki na tumaini gani?

Pole sana. Sitakuambia kwamba yuko peponi, kwani sijui, wala sitakuambia kwamba amepotea, kwani hilo pia silijui. Kilichopita kati yake na Mungu katika saa za mwisho hakuna aliyekiona. Wafuasi wengi waliotazama msalaba kwa mbali siku ile wasingesikia mazungumzo ya mhalifu na Yesu.

Ninachokijua ni swali la Ibrahimu katika Mwanzo 18:25: Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki? Atatenda. Mkabidhi mpendwa wako kwake, na usiruhusu mtu yeyote akutangazie hukumu ambayo Mungu hakumpa aitangaze. Hatia ya "ningemwambia" ipeleke kwa Kristo vilevile. Hiyo nayo aliichukua.

Na mtoto mchanga?

Daudi, mwanawe alipokufa, alisema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi" (2 Samweli 12:23). Wakristo wengi wamejiegemeza hapo, nami pia.

Na aliyejiua?

Uhai ni wa Mungu, na kujiua ni msiba mzito. Lakini Biblia haisemi popote kwamba ni dhambi isiyosameheka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakubali kwamba mateso ya akili na hofu kubwa vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, na inakataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Kama mawazo hayo yanakujia wewe unayesoma, mwambie mtu mmoja sasa hivi, aliye karibu nawe, na umwombe asikuache peke yako mpaka mmefika kwa mhudumu wa afya.

Mhubiri anapaswa kuwaita watu watubu penye jeneza?

Aihubiri Injili, ndiyo. Mhubiri 7:2 inasema walio hai hutia mambo moyoni katika nyumba ya matanga. Ila asimfanye marehemu kuwa mfano wa kutisha, asisimulie dhambi zake, na asirefushe. Wafiwa wamechoka, wengine hawajala. Dakika chache juu ya Kristo aliyefufuka zinatosha, kisha abaki baada ya maziko azungumze na anayetaka.

Kuchoma mwili kunazuia ufufuo?

Hapana. Mungu aliyemfanya mtu kwa mavumbi hashindwi na majivu. Kanisa Katoliki liliruhusu mwaka 1963, Waorthodoksi kwa kawaida hawaruhusu, na Waprotestanti wengi huiachia familia.

Nataka kumpokea Yesu sasa. Niseme nini?

Hakuna maneno maalumu. Unaweza kuomba hivi: Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi na nitakufa. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, nichukue niwe wako, uniongoze siku zilizobaki na saa ile ya mwisho. Amina.

Leo mwambie Mkristo mmoja unayemwamini, umwombe akupeleke kanisani kwake na kuzungumza nawe juu ya ubatizo. Kama kuna mtu uliyemkosea, mtafute. Anza kusoma Injili ya Luka, na kama wewe ni mgonjwa na nguvu ni kidogo, anzia sura ya 22 hadi ya 24, au mwombe mtu akusomee.